Kwa Verediana, Aliyejizika Akiwa Hai Bangwe

Umetimia mwaka, Verediana, tangu tulipobomoa ukuta wa chumba chako pale Bangwe, tukakutoa ukiwa umekwisha kukata roho.

Wengine huandikiwa sifa tupu. Sisi ndugu zako bado tuna hasira, na siku ya mazishi tulishasema uongo wa kutosha.

Ulikuwa mwalimu mzuri. Nusu ya watoto wa kijiji chetu cha Kalinzi wamejua kusoma kwa sababu yako. Ulipenda kahawa bila sukari, na ukifua uliimba. Kisha ukasoma habari za wanawake wa Ulaya wa zama za kati, waliojifungia maisha katika vyumba vilivyoshikana na ukuta wa kanisa. Walisomewa sala za wafu wangali hai, mlango ukazibwa kwa mawe, wakaachiwa dirisha la kuonea altare na jingine la kupokelea chakula na kusikiliza shida za watu. Ukataka kuishi kama wao; padri akakukatalia. Ukapata kiwanja nyuma ya kigango, kale kanisa kadogo ka Bangwe, ukamwita fundi, ukajiziba. Miaka sita.

Mama yetu Regina alipozidiwa, kaka yako Oswald alishuka na bodaboda kutoka Kalinzi, akasimama dirishani.

"Mama anakuita. Hafiki Jumapili."

"Mwambie namwombea."

"Hataki sala zako, Vere. Anataka mkono wako."

"Mimi nimeshazikwa, Oswald. Maiti haendi kuuguza."

Alirudi mlimani akilia. Mama akauliza, "Yuko wapi?" Tukamdanganya kwamba uko njiani. Alikufa macho yakiwa mlangoni.

Kwenye msiba wako alikuja Mwanakombo, muuza dagaa. Akatusimulia jinsi ulivyomsihi mwezi mzima, kupitia dirisha lile, akapatane na mama yake kule Ujiji. Alikwenda, wakapatana. Alidhani anatufariji. Tulitoka nje tusije tukamtukana. Kumbe mama wa mtu mwingine ulimwonea huruma!

Tungekuzika hukohuko Bangwe. Lakini Mama, siku mbili kabla hajafa, aliagiza nafasi ya kando yake iachwe wazi. "Asilale mwingine hapo. Ni ya Vere." Kwa hiyo umelala pale. Ni kwa amri yake, si kwa hiari yetu.

Wanaokukumbuka ni kaka yako Oswald na mdogo wako Feliksi. Mdogo wako Diana kwanza alikataa jina lake litajwe, jana akapiga simu: "Niandikeni na mimi."

Kukusahau tumejaribu, Vere. Tumeshindwa.