Kompyuta Tatu Tumboni mwa Moja

Eustache,

Sombe iko jikoni, pasha moto mwenyewe. Mimi niko kanisani, nitarudi na basi la saa kumi.

Hongera kwa kuzitia kompyuta zetu tatu za zamani za kazi ndani ya hiyo moja ya mezani. Asubuhi uliacha ya marehemu papa yako bado inahamia humo, ukasema, "Mama, usiguse kitu, na bwana wa vyuma chakavu akija mpe makasha yote matatu ya zile za zamani." Ukakimbilia zamu yako ya kazi huko Malton.

Sikugusa kitu. Nilichomoa waya mmoja tu, nipige pasi kitenge changu. Zamani ningezima kompyuta moja. Leo nimezima tatu kwa mkono mmoja, na shule niliishia darasa la tano.

Nilipoiwasha tena hiyo ya mezani, mbili zako ziliamka vizuri. Ya papa yako, binti yako Yvette alinisomea, imehama nusu tu. Bwana wa vyuma alipokuja nilimpa makasha mawili. La tatu nikamwambia ni kiti changu, nikalikalia mpaka akaondoka.

~~Nimelitupa, nawe ulie kidogo.~~ Liko chini ya kitanda changu. Sauti ya papa yako akifundisha kwaya bado imo. Ihamishe upya, kisha uniwekee niisikilize mpaka mwisho. Hapo ndipo bwana wa vyuma atapata kiti changu.

Na ununue waya wenye matundu mengi. Kitenge sikumaliza kukipiga pasi, nimekivaa na mikunjo.

Mama yako, fundi wa kuchomoa