Neno la Baba katika beseni ya makayabu

Mama yangu mupenzi,

Yale magoti yako, baridi ya mwezi huu inayaacha kidogo? Shiye huku Ruashi tuko bazima, miye na bibi yangu na batoto betu, chakula tunapata. Lakini niko na neno zito, na nimeisha kupasua makaratasi mbili mbele ya hii. Ikala kwanza, Mama.

Ile kaseti uliyotuma na Baba mudogo, yenye Baba alisema neno kwa kila mutoto mbele ya kufa, imeharibika. Ni miye niliiharibu.

Ilifika, nikaifungia kabatini mwezi muzima. Niliogopa. Ku matanga sikukuja, nilisingizia kazi, nikawaza Baba atanigombeza mule ndani. Kila siku kesho, kesho. Na ni miye natengenezaka radio za bantu ba avenue yote!

Samedi moja, nilipotoka ku salongo ya kufagia avenue, nikapata roho ya kuisikiliza. Nikatia kaseti mu radio, nikaiweka juu ya kabati ya jikoni. Chini bibi yangu alilowesha mu beseni makayabu, ile samaki ya chumvi, ya kula kesho yake dimanche, mayi iko chumvi tupu. Nikavuta kamba ya umeme vibaya. Pwaa! Radio na kaseti, byote mu beseni.

Bibi yangu akasema: «Isukule na mayi safi, mbio. Chumvi haitokake na jua. Hii makayabu, nabadilisha mayi mara ngapi?»

Nikamucheka. «Nani anasukulaka radio? Weye baki na samaki yako!» Nikaianika na kaseti yake juani siku mbili, vile tunafanyaka na radio zenye kunyeshewa. Kwa macho ilikauka vizuri.

Nikaita majirani, nijionyeshe fundi. Nikabonyeza. Baba akakohoa. Akasema: «Weye Kabwe, mutoto wangu wa kwanza, sikia…» Bande, ule utepe wa ndani ya kaseti, ikanata, ikapasuka vipande vipande. Kufungua, chumvi nyeupe kila pahali, na nyuzi za shaba zimekuwa kijani. Miye mutu wa kazi ya shaba, Mama, kila siku naona ku kazi vile chumvi inaikula! Haya ilinishika mbele ya bale bantu.

Bibi yangu hakunicheka. Alichukua bande yenye ilibakia, akaisukula na mayi ya robine mpaka haina ladha ya chumvi tena, akaianika kivulini. Na radio tuliisukula vile vile. Inaongea. Neno la Ngoie mudogo wangu liko, na la mudogo wangu mwingine Banza pia. Langu tu, lenye lilikuwa la kwanza, njo lilipotea. Kaseti naituma na hii barua.

Musalimie Ngoie anayekutunza, na Baba mudogo aliyechoka na safari ya treni, na Shangazi mwenye kupiga kelele kanisani.

Mama, weye ulikuwa karibu na kitanda wakati anasema. Aliniambia nini? Hata kama alinigombeza, andika vile vile, usipunguze kitu.

Mutoto wako wa kwanza,
Kabwe