Mume wangu anataka kuoshea dhahabu kwenye tuta la maharage

Shikamoo mama mshauri, nakuandikia mtoto akiwa amelala mgongoni, nisipomaliza leo sitamaliza tena. Niko Matongo, huku kwenye machimbo ya dhahabu, nina bustani ndogo nyuma ya nyumba, matuta manne tu, na naomba niseme bila aibu kwamba ni nzuri, maana majirani walirudia nyanya palepale kila msimu kwa vile wachimbaji wanazipenda, zikanyauka zikiwa na maua, lakini zangu zimesimama kwa sababu nazihamisha, zikitoka nyanya naweka maharage, halafu chinsaga, yaani mgagani, halafu vitunguu, ndipo nyanya zinarudi. Sasa mume wangu Mniko ameleta mifuko ya mawe kutoka shimoni kwao, anataka ayasage na kuyaoshea kwa zebaki kwenye tuta la maharage, eti maji yako karibu. Anasema, "Mama Veronika, hayo maharage hata huuzi, tuta umelilaza tu." Mama mkwe naye anacheka, "Huyu anahamisha mboga kama ng'ombe." Mniko si mtu mbaya, anaumia shimoni kwa ajili yetu, na mimi nimechoka kubishana, nawaza nimpe hilo moja nibaki na matatu. Nisaidie, nitakuwa nimekosea?
Mama Veronika

Marahaba, Mama Veronika. Hongera kwa nyanya zako, umezitolea jasho. Ila misimu yote hiyo umehamisha mazao kimya kimya, mumeo atajuaje kwamba maharage yanarudishia udongo nguvu? Kosa hilo ni lako. Mweleze.

Kumpa tuta, hapana. Ugonjwa wa nyanya unaukimbia kwa kuhamisha, zebaki huikimbii. Itakaa kwenye udongo, mvua itaisambaza kwenye matuta yote, na akiichoma ili dhahabu ibaki, moshi atauvuta huyo aliye mgongoni mwako. Msimu ujao hapo ni zamu ya chinsaga. Mboga yenye zebaki utampikia nani?

Mama mkwe akicheka, mjibu kwa heshima, "Ndiyo mama, ng'ombe asiyehamishwa anakonda." Mkurya ni mfugaji, hawezi kulipinga hilo.

Mniko akishakula na kupumzika, mpeleke aone nyanya za jirani, kisha aone zako. Mwambie, "Baba Veronika, mawe yako nayaheshimu, lakini hapa nyumbani haoshi mtu. Yatafutie mahali mbali na watoto na mbali na maji ya kunywa." Sema mara moja, usilie, usiongeze neno. Halafu shika jembe uendelee kupalilia hayo maharage, yeye akiwa amesimama hapo anakutazama.