Mwambie Mwenyewe

Dada Corinne,

Theluji imeyeyuka, na mume wangu Dale bado anakoroma vilevile. Jana tulikwenda mahakamani kuomba Shelby, mtoto tunayemlea kwa muda, awe mwanetu kabisa. Wakili wa serikali akataka kesi iahirishwe, kwa mara nyingine tena! Ungemwona yule mama jaji. Akasema, "Sawa, lakini mgeukie mtoto, umwambie mwenyewe kwa nini asubiri."

Wakili akageuka. Shelby akamkazia macho. "Kwani mimi nimefanya nini?"

Yule bwana akamgeukia jaji. "Mheshimiwa, tuendelee tu."

Kabla ya saa sita Shelby alikuwa wetu. Jaji yule ni jembe, dada!

Tangu aje, Shelby alikuwa akiweka mswaki wake kwenye begi, tayari kwa kuondoka. Leo asubuhi nimeukuta kikombeni, pamoja na yetu.

Mdogo wako anayelia kwa furaha,
Verna