Kitanda Cheupe cha Wafula

Dagoretti Corner, Jumatano, Julai 1971

Baridi ya leo imeniingia mpaka kwenye mifupa. Jua halikuchomoza kabisa, na kule karakana ya River Road tajiri alitaka viti vikauke kwa lazima. Nilimweleza kwamba rangi ya mafuta ya linsidi haina haraka. Akaleta jiko la makaa, akaliweka karibu. Jioni rangi ilikuwa imeshika juu tu, ina mikunjo kama utando wa maziwa, na chini bado mbichi. Kesho nitaikwangua yote. Nimechoka hata kukasirika siwezi.

Lakini si viti vinavyoninyima usingizi.

Mke wangu alikuja hapa na mtoto wetu Wafula mwanzoni mwa mwaka. Mtoto akakohoa tangu siku ya kwanza, mama yake akarudi naye Kakamega. Siku ya kuondoka aliniambia, "Baba Wafula, chumba hiki hata mchana ni usiku. Mtoto atapona vipi humu?"

Nilimbishia. Nilisema mwanga upo wa kutosha, shida ni vitu vyangu vichakavu. Nikapaka kitanda cha mtoto rangi nyeupe, nikamtumia habari kwamba sasa panang'aa. Amekubali. Wanakuja mwisho wa mwezi huu, waje wakae.

Jioni hii nimewasha taa nikakitazama. Kimekuwa manjano kama meno ya mvuta kiko.

Nililaumu mkebe wa rangi. Nikatoka kwenda kwa jirani, Mama Wanjiru, ambaye mlango wake niliupaka rangi iliyobaki siku ile ile. Mlango bado mweupe pepe. Akaja kuchungulia kitanda, akacheka kidogo.

"Rangi ni hiyo hiyo," akasema. "Yangu inaota jua, yako umeifungia kwa giza."

Nami fundi mzima, nilijua. Rangi ya linsidi ikinyimwa mwanga hugeuka manjano. Dawa yake pia naijua: nikianike kitanda nje, siku za jua zikipatikana, kitarudia weupe wake. Mama Wafula hatajua kitu.

Kitanda kitapona. Na atakayelala juu yake?

Kuna chumba cha kupanga huko Kinoo, dirisha lake linatazama macheo. Nilikikataa kwa sababu ni mbali na kazi. Asubuhi nitapitia huko kwanza, nikakishike kabla hakijapata mtu. Nitachelewa kwenye viti, na tajiri atafoka.

Afoke.