Nikilisema Lile Kopo, Ndoa ya Mjukuu Itavunjika?

Mpendwa mshauri Bi Aliya, naomba msaada, na kabla ya msaada naomba unistahamilie, maana mie sikusoma, hata jina langu sijui kuliandika, barua hii ananiandikia Jackie, msichana wa Kikenya anayesuka nywele katika saluni ya chini ya jengo letu hapa Al Khuwair, Maskati, na kila mara ananikata, "Shosho, hapa tuweke nukta," nami nishamwambia nukta atazitia mwenyewe nikimaliza, mie nna jambo kifuani na likikatwakatwa halitoki, na tena mie si shosho, mie ni bibi.

Jambo lenyewe ni skuli. Kule Bausher ya zamani, kwenye mitende, pana nyumba ya udongo ya vyumba vitatu na uwanja katikati, ndiyo iliyofanywa skuli mwaka ule tuliporudi kutoka Unguja, nasema tuliporudi kwa kuwa wenyewe ndivyo wasemavyo, lakini mie nilizaliwa Unguja na mama yangu alizaliwa Unguja, ndani ya nyumba ya watu, tukiwapikia na kuwafulia, na walipohamia Maskati tukahama nao, na jina la kabila tunalojiita leo ni lao, tulipewa kama mtu anavyopewa nguo iliyokwisha kuvaliwa, na mie sioni haya kuivaa, imenistiri.

Mwanangu Mahfoudha alikuwa na miaka saba nkampeleka pale, na watoto wa wenye majumba walikaa kwenye mabenchi, wanakunywa maji ya mtungi ulioning'inizwa kivulini, yale maji baridi yanayonukia udongo, na watoto wetu sie, wasichana watano, walikaa mkekani mlangoni, na maji yao yalikuwa ya kopo la maziwa lililotundikwa kwenye kulabu nyingine, juani, na hapana aliyetoa amri, Bi Aliya, hapana aliyeandika ubaoni, kila mtoto alijua tu aende wapi, kama kuku wanavyojua banda lao.

Mie nilikuwa nikimfikisha nakaa nje, juu ya jiwe chini ya dirisha, mpaka jua lifike ukutani niende zangu kufua nguo za watu, na pale jiweni nawasikia wanaimba herufi za Kiarabu, alif, ba, ta, tha, jim, na kwenye jim jua linafika, nainuka. Mpaka leo nnajua hadi jim. Mbele ya hapo sina.

Basi akaja mwalimu mgeni, Mwalimu Sayyida, Msudani, mrefu, hacheki na mtu. Siku ya kwanza tu akasimama mlangoni akauliza, "Kopo hili la nani?" Akalitungua akanywa, akajifuta mdomo, kisha akaenda kwenye ule mtungi akaushusha na maji yake yote akayamwaga kwenye shina la mndimu, akasema, "Leo maji ni haya ya kopo. Mwenye kiu aje." Wallahi walikaa na kiu, na joto la Maskati unalisikia tu huko uliko, wengine wanalia, na mie nguo nimeziacha nachungulia dirishani kama mwizi, mpaka inakaribia adhuhuri akainuka Wadha, binti wa mwenye nyumba, akaja mlangoni akamwambia mwanangu, "Nipishe wewe, kichwa kikubwa, nami nna kiu," akanywa, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Kesho yake kopo halikuwapo, mtungi ukawa mmoja wa wote, na Mahfoudha nkamwona yuko benchi la mbele, na siku hiyo nililia mpaka jua likapita ukutani na nguo za watu zikalala na uchafu wao.

(Jackie hapa kaweka kalamu chini anapangusa macho, nimemwambia andika kwanza, kulia utalia baadaye.)

Sasa Wadha hayupo, Mungu amrehemu, nyumba wamerithi watoto wa kaka zake, na wanataka kuibomoa wajenge fleti. Majid, aliyesoma pale baadaye, kopo alilisikia tu, na leo ni mhandisi, amewaomba waiache iwe mahali pa ukumbusho, nao si watu wabaya, wamesema baada ya Idi tutakutana palepale uwanjani, waje waliosoma watuambie nyumba hii ina kitu gani ambacho skuli nyingine haina. Na kila mtu Majid anayemwendea anamjibu, "Aa, sote tulikuwa ndugu, tulikaa pamoja tangu siku ya kwanza," wale wa mabenchi wanaona haya, na wale wa mkekani wanaona haya zaidi. Akaja kwangu amechoka. "Bibi," kasema, "kama walikaa pamoja tangu siku ya kwanza, basi ile nyumba ni udongo tu, na udongo unabomolewa. Njoo useme wewe."

Mie ningekwenda hata kwa kutambaa, lakini Harub, mtoto wa Mahfoudha, kaposa. Msichana anaitwa Shahad, mtoto mzuri, akija ananibusu kichwani na kunikanda miguu bila kuambiwa. Baba yake, Sleiman, aliposikia jina letu la kabila, na la kwao ndilo hilohilo, alimpiga Harub bega kwa furaha, "Kumbe ni sisi kwa sisi! Jina moja, damu moja!" Harub akarudi anatusimulia meno nje, na mie nkamtazama Mahfoudha, na Mahfoudha akaitazama kahawa yake. Tangu hapo maneno yote ya harusi yamejengwa juu ya damu moja, na hatuna damu moja, tuna jina moja, na Harub nadhani hajui, hatujamwambia.

Nilipomwambia mwanangu kwamba Majid ananitaka nikaseme, alisimama katikati ya sebule na nguo zake za ofisini, na huyo ni mkubwa kazini kwake, watu wanainuka akipita, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, mie nimesoma usiku na mchana ili lile kopo lisahaulike, na wewe unataka kulitia ndani ya kioo watu walitazame." Nkamwambia, "Aliyekusomesha ni lilelile kopo!" Kasema, "Aliyenisomesha ni mwalimu. Khalas, mama, basi." Na toka siku hiyo ananipakulia chakula vizuri, nyama nzuri ananiwekea mie, lakini hakai nami kula.

Nami nna siri. Namwambia nakwenda Ruwi kumtazama rafiki yangu mgonjwa, naita teksi nakwenda Bausher, nakaa kwenye jiwe langu. Majid kapewa ufunguo, ananifungulia, "Karibu ndani, bibi," namwambia hapa panatosha. Kupitia dirishani naona mabenchi mawili yamebaki, na kulabu zote mbili zipo, ya kivulini na ya juani, zimeota kutu, na nikifumba macho nawasikia watoto, alif, ba, ta, na yumo wangu mmoja mwenye sauti nyembamba, na hamu inanishika, Bi Aliya, hamu ya kitu ambacho hata sikuwa nacho mie, sijui nikwambieje.

Nikisema, namvua mwanangu nguo mbele ya watu na pengine namvunjia mjukuu wangu ndoa. Nikinyamaza, tingatinga linakuja, na siku ile itakuwa kama haikuwapo. Nifanye nini? Na tafadhali jina langu usilitie.

Bibi wa Al Khuwair, Maskati

BI ALIYA ANAJIBU

Shikamoo bibi. Jina lako sikulitia, na majina mengine nimeyabadili yote, hata la Jackie. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nilipofika kwa Wadha niliinuka nikanywa maji. Pole kwa hamu hiyo. Sasa nivumilie, maana nitakugombeza.

Umeniuliza useme au unyamaze, kana kwamba kisa ni chako peke yako. Wewe ulikuwa kwenye jiwe, bibi. Aliyekuwa mkekani ni yeye, na aliyekunywa maji ya moto ya kopo ni yeye. Wewe ukiikumbuka skuli ile unaona benchi la mbele. Yeye huenda bado anaona mlango. Umenieleza kila ulichomwambia mwanao. Ulichomuuliza sikukiona. Umewahi kumuuliza yale maji yalikuwa na ladha gani?

Na yeye pia ana lake, mpe asome hapa. Mahfoudha mwanangu, kunyamaza kwako mbele ya kahawa hakuhusu skuli. Nyumba ile ikibomolewa kesho, Sleiman bado atakuwa amedanganyika, na Harub bado atakuwa anaingia katika ndoa asiyojua imesimama juu ya nini. Msiitwike skuli mzigo wa posa.

Kwa hiyo Harub aambiwe, na aambiwe wiki hii, kabla ya huo mkutano na kabla ya ndoa kufungwa. Mwenye kumwambia awe mama yake. Wewe bibi kaa pembeni yake na mdomo ufunge, najua itakuwa kazi. Kisha Harub aende mwenyewe kwa baba wa Shahad, kiume, aseme: jina ni moja, damu si moja, na binti yako nampenda. Sitakudanganya kwamba Sleiman atacheka. Huenda akafunga mlango, na itauma, na Shahad atalia. Lakini mlango ukifungwa leo, wanalia watu wawili. Ukifungwa baada ya watoto, mtawatazama vipi hao watoto? Na huyo msichana anayekukanda miguu, hapana aliyemuuliza yeye anasemaje. Huenda akakushangaza.

Mkutanoni nenda. Jiwe ni lako, na uliyoyaona na kuyasikia ukiwa juu yake hapana wa kukunyang'anya, hata mwanao. Litaje kopo, mtaje mwalimu, waoneshe kulabu zote mbili. Lakini mtoto wa mkekani usimtaje jina, wala usimtazame akiwa amekaa hapo, mpaka akuruhusu mwenyewe. Na usianze na mkeka. Anza na Wadha. Hao warithi ni watoto wa kaka zake, na sidhani kama kuna aliyewahi kuwaambia kwamba shangazi yao, akiwa mtoto mdogo, aliinuka peke yake mbele ya wenzake wote akaenda mlangoni kunywa. Wale wa mabenchi wanaficha haya yao, na wanafukia pamoja nayo jambo la ujasiri kuliko yote waliyowahi kufanya. Wakumbushe. Mtu akipewa cha kujivunia, anapata nguvu ya kukubali na kile cha kumtia haya.

Sasa hilo la rafiki mgonjwa wa Ruwi. Acha! Mtu mzima hadanganyi kwa ugonjwa wa mwenzake, utakuja kumkuta kweli kitandani. Jioni hii mwambie mwanao ulikuwa unakwenda wapi, kisha mwombe akupeleke yeye kwa gari lake. Atakataa. Mwombe tena kesho. Anayekuchagulia nyama nzuri hajakutupa, bibi; anaogopa.

Mkifika, Majid atafungua mlango na atasema karibu ndani, na wewe kwa mazoea utataka kusema hapa panatosha. Hapatoshi. Umekaa nje ya dirisha lile umri mzima wa mwanao. Mshike mkono muingie, mkae benchi la mbele, nyote wawili. Usimwambie neno la kopo. Mwambie wewe unajua hadi jim, na umekuja akufundishe inayofuata.