Dada, Nimeulizwa Nilisoma kwa Nani

Dada yangu mpendwa,

Nakuandikia nikijua kwamba hakuna mpagazi wa kuichukua barua hii. Wapagazi wamejaa hapa Bagamoyo, misafara imeshuka kutoka bara na pembe zake za ndovu, na mtu akitaka kupeleka karatasi mpaka Tabora hakosi wa kumtuma. Ulipo wewe hawafiki. Naandika hivyo hivyo, kwa sababu nisipokuambia wewe nitapasuka.

Nimeitwa Misri, dada. Mimi, mdogo wako, niliyekuwa nikisinzia juu ya ubao wa chuo cha Kurani na kuamka herufi zimenichapa shavuni. Nimepewa nafasi ya kusoma katika ule msikiti mkubwa ambao baba akiutaja hushusha sauti, wanazuoni wakikaa kila mmoja kwenye nguzo yake na wanafunzi wamemzunguka, na wanaotoka huko wanakuwa makadhi. Katika mtaa wetu hajawahi kuitwa mtu. Na tangu niitwe mimi, sijala nikashiba.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Mwezi wa Ramadhani alitufikia mgeni kutoka huko Misri, sheikh mtu mzima, akipitia Unguja. Baba akamkaribisha asomeshe msikitini kwetu baada ya Alasiri. Siku ya tatu yule mgeni akatutupia swali: mtu anapita njiani, maji yanamdondokea kutoka juu ya nyumba, naye hajui ni maji gani. Je, abishe hodi akaulize kabla ya kwenda kuswali? Wenzangu wakajibu kwa urefu, kila mtu na kitabu chake. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya nguzo, si unanijua. Macho yake yakanikuta huko huko. Nikasema, "Asiulize. Maji asili yake ni safi, na mtu akianza kutafuta uchafu asiouona, atauona mpaka kwenye maji ya kunywa."

Sheikh akafunga kitabu, akanitaka nirudie. Nikarudia. Kisha akaniuliza, "Hayo umefundishwa na nani?"

Jibu la kweli unalijua, maana maneno ni yako, neno kwa neno. Nami nikafungua kinywa nikasema, "Na baba yangu." Baba alikuwa amekaa ubavuni kwa mgeni. Aliniangalia, akainamisha kichwa. Nilidhani ni haya ya mtu anayesifiwa mbele za watu. Siku zile zile sheikh akamwambia kwamba atanichukua Misri.

Unakumbuka yale maradhi yangu? Watoto wengine walipata homa na upele, mimi nilipata wasiwasi wa udhu. Nilikuwa na miaka kumi hivi. Naosha mkono mara tatu kama nilivyofundishwa, halafu nahisi pameachwa mahali pakavu, naanza upya. Nikimaliza miguu nauonea shaka uso. Watu walikwishaswali na kupeana mikono mimi ningali birikani, vidole vimenikunjamana. Baba alinikemea. Mama akaniandikishia kombe, aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani na kuoshwa kwa maji, nikalinywa, na kusema kweli lilikuwa tamu, nikataka la pili. Wewe hukukemea wala hukunipa dawa. Ulikuja uani, ukasimama karibu na mtungi, ukahesabu kwa sauti.

"Moja. Mbili. Tatu. Lete kata."

"Dada, kisigino hiki bado..."

"Kisigino chako kimeshaswali, kinakungoja wewe. Lete kata!"

Ukaninyang'anya ile kata ya kifuu niliyotekea maji na kuificha nyuma ya mgongo wako, ukabaki hivyo mpaka nikaondoka. Ulifanya hivyo kila siku, mara tano kwa siku, hata siku ulizokuwa na shughuli zako. Nilikuchukia kwa muda wa wiki mbili nzima. Baadaye nikapona, au nilidhani nimepona.

Na siku ile ya maji ya kwa Mhindi muuza nguo? Nilirudi nalia kwamba nimedondokewa kutoka ghorofani kwake na kanzu yangu imenajisika. Ulikuwa unakuna nazi, wala hukusimama.

"Uliona uchafu?"

"Sikuona."

"Ulinusa?"

"Hapana."

"Basi huo uchafu unaoulilia umeutoa wapi wewe mtoto?"

Ndipo ukaniambia yale maneno niliyokuja kuyauza msikitini kama mali ya nyumbani kwetu kwa jumla. Huku unakuna nazi, dada. Sheikh wa Misri amefunga kitabu chake kwa maneno yaliyosemwa juu ya mbuzi ya nazi.

Uliyatoa wapi? Nilipokuwa mdogo sikujiuliza, nilijua tu kwamba unajua. Baba akiwasomesha wavulana barazani, wewe ulikuwa ukumbini nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo, na kofia unayoishona mapajani. Kofia yangu ya kwanza uliitoboa na kuishona wakati tunasoma ule mlango wa kitabu wa tohara ya maji na udhu, ukaniambia kila kitobo kina swali lake ndani. Nikiingia na somo nililoshika nusu, unanimalizia ile nusu nyingine bila kuinua macho kwenye sindano. Sisi huko nje tulikuwa na mzaha wetu. Baba alikuwa na mazoea ya kusimamisha darsa katikati, akaingia ndani kunywa maji, akarudi, akaendelea. Wavulana walisema mwalimu ana kiu ya ngamia. Nami nilicheka pamoja nao.

Kisha ukaolewa Saadani, na ile ndui ilipopita pwani ikakuchukua pamoja na watu wengi wa huko. Habari zilitufikia zimechelewa. Nilikwenda kwa miguu, nikavushwa mto wa Wami, nikafika siku ya hitima. Nilikuwa nimekubebea kile kitabu ulichokuwa umetuma maneno ukitaka tukunakilie. Nilikinakili mwenyewe, kwa mwandiko mbaya. Nimerudi nacho, na kimo humu ndani.

Sasa nikuambie nilivyonaswa.

Kesho asubuhi sheikh anavuka kwenda Unguja kungoja merikebu ya moshi, na mimi nimeandikiwa kwenda naye. Sanduku langu limekwisha kutengenezwa. Fundi amelileta na kuliweka ukumbini, pale pale ulipokuwa ukikaa wewe, na ni kubwa mno, siwezi kutoka wala kuingia bila kugonga goti. Mama ameshona kanzu nne. Akishona anaimba, akiniona ananyamaza anafuta macho, halafu anaimba tena. Watoto wa chuo wananiita Sheikh wa Misri, na muuza halwa hataki kupokea kitu changu, anasema atapokea dua. Kila alasiri baraza inajaa watu waliokuja kumpongeza baba. Na baba anacheka, dada. Tangu ulipotutoka hakuwa amecheka, na siku hizi namsikia kutoka huku chumbani anacheka mpaka anakohoa. Nani atakayetoka akamwambia anyamaze? Si mimi.

Nikienda, nitafika huko nikiwa mkoba uliotiwa vitu vya mtu mwingine. Wataniuliza swali la kwanza nitalijibu kwa maneno yako. La pili pia, labda. La tatu je? Huko hakuna mlango ulioachwa wazi kidogo. Nikikataa kwenda, nitamfedhehesha mzee mbele ya mji mzima na sina sababu ya kutoa. Nimefikiri hata kujitia ugonjwa. Nilijaribu juzi, mama akaniletea uji wa pilipili manga na watu kumi wa kunisomea dua, nikapona haraka.

Na kubwa kuliko yote ni karatasi. Sheikh anataka kuniandikia barua kwa wakubwa wa msikiti ule, na amenipa karatasi niandike majina ya niliosoma kwao. Ameniambia, "Huko kwetu hawatakuuliza umesoma nini. Watakuuliza umesoma kwa nani, na jina hilo litakaa nawe maisha yako yote, na wanafunzi wako watalitaja." Anaitaka Alasiri ya leo. Nilipokaa kuandika, Adhuhuri ilikuwa imeswaliwa.

Karatasi ya kwanza niliandika jina la baba peke yake. Mwandiko ulikuwa mzuri, kalamu haikukwaruza. Nikalitazama jina lile, nikaona ni uongo ule ule. Nikaikunja.

Ya pili niliandika la baba, na chini yake nikaandika lako kwa herufi ndogo hata wino ukajaa katika matundu yake likawa doa. Nikasema kalamu ndiyo mbaya. Nikaichonga. Nikasema wino ni mzito, nikatia maji. Nikaikunja na hiyo. Maradhi yangu yamerudi, dada, safari hii yamehama miguuni yakaja mkononi.

Hapo baba akaingia. Aliligonga lile sanduku kwa goti, akalilaani kidogo, akaja akakaa kitandani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekwisha kuandika?"

Nikamwonyesha zile mbili zilizokunjwa. Alizikunjua moja moja juu ya paja lake, akazisoma. Ya pili aliikaribisha machoni, akalitazama lile doa muda mrefu.

Nikamwambia, "Baba, nilisema uongo msikitini. Lile jibu..."

"Najua la nani."

Nje kulikuwa na mtu anabisha hodi, mama akamwambia angoje.

"Uliposema 'baba yangu'," akasema, "nilitaka kusema si mimi. Mgeni akageuka akanitazama, mwanangu. Mtu wa Misri ananitazama mimi, mwalimu wa chuo cha watoto. Ulimi ukawa mzito." Akaendelea kuinyoosha ile karatasi kwa kiganja. "Ule mlango ulidhani nauacha wazi nipate upepo?"

"Sikuwa nikifikiri, baba."

"Na yale maji niliyokuwa naingia kunywa? Sikuwa na kiu hata siku moja."

Miaka yote ile sisi tunacheka barazani, na mzee yumo ndani amesimama mbele ya binti yake anamwuliza. Na wewe unamjibu huku unatia uzi, halafu unaniambia mimi kila kitobo kina swali lake. Hukusema. Hata nilipokuwa mkubwa hukuniambia. Nilikuonea hasira kwa kunificha, kisha nikakulilia, mbele ya baba, mtu mzima mwenye ndevu na kanzu nne mpya.

Nikachukua karatasi ya tatu. Ndiyo ya mwisho katika zile alizonipa sheikh. Nikaandika juu kabisa, kwa herufi ambazo sheikh hatahitaji kuzikaribisha machoni: Nimesoma kwa dada yangu, Mize binti Kombo, wa Bagamoyo, aliyefariki Saadani.

"Sasa wewe, baba," nikasema. "Nikuandike wa pili?"

Alifikiri. Huko nje watu waliokuja kumpongeza walikuwa wameanza kujaa, nikazisikia sauti zao.

"Niandike," akasema, "lakini usiniandike mwalimu wake. Andika kwamba baba yako naye alisoma kwake."

Nikaandika hivyo. Akaipulizia wino ukauke, akainuka, akaligonga sanduku tena akitoka. Hajacheka barazani mpaka sasa. Namsikia anazungumza na wageni kwa sauti ndogo.

Nimekaa na karatasi mbele yangu, na naogopa, dada. Bado nimenaswa, usidhani nimefunguliwa. Sheikh akiisoma anaweza kuipasua, akasema huko kwao hawamjui mwanafunzi wa mwanamke, na kesho mama atazifungua kanzu nne na kuzikunja upya, na sanduku litabaki ukumbini tukiligonga magoti miaka mingi. Na asipoipasua, basi nitapanda merikebu, na hiyo sijui kama siiogopi zaidi. Jina lako likitangulia kule, watakuwa na haki ya kuniuliza, na wewe hutakuwepo wa kunimalizia nusu. Hakuna mlango hapa ninaouona usio na kitu kinachonivizia nyuma yake.

Mara mbili nimeinyoosha kalamu nirekebishe. Nimeona ile herufi ya kwanza imekaa upande. Nimeona labda niongeze neno, labda nipunguze, labda niombe karatasi nyingine kwa jirani.

Muadhini amekwisha kupanda. Nakwenda birikani, kisha nakwenda kwa sheikh. Lala salama huko Saadani, dada, na unisamehe siku ile msikitini. Kitabu chako nakitia sandukuni chini kabisa, chini ya kanzu, awe anakwenda au anabaki huyu uliyemfundisha.

Karatasi ya sheikh ni ya tatu: moja, mbili, tatu, basi. Nimekurudishia kata.

Mdogo wako